Wageni wanakuja Jumapili mbili halafu kimya: wanapotelea wapi?

Bwana Yesu asifiwe, ndugu mleta mada. Umesema usharika wenu uko Mbeya mjini, wanafunzi wa vyuo na wafanyakazi waliohamishiwa mjini wanakuja, mnawasimamisha na kuwapigia makofi, na mwezi hauishi hawapo. Umeuliza kama muongeze vyombo vya kwaya. Hela hiyo tunzeni. Mgeni hapotelei ndani ya ibada, anapotelea kati ya ibada na jumuiya, vile vikundi vya waumini majirani vinavyosali nyumbani kwa nyumba.

Anzeni na daftari la mlangoni. Wengi wanaandika jina na simu tu, kisha daftari linalala kabatini kwa katibu. Ongezeni alikotoka, na anapoishi kwa alama inayoeleweka: "Iyunga, nyuma ya mashine ya kusaga" humfikisha mtu, "Iyunga" peke yake haimfikishi. Kabla watu hawajatawanyika, mzee wa zamu asome majina, na kila jina likabidhiwe kwa kiongozi wa jumuiya ya eneo hilo. Akabidhiwe mtu, msiiachie "kamati ya mapokezi", kwa sababu kamati haiendi kumjulia mtu hali. Apigiwe simu Jumatatu au Jumanne, atembelewe kabla ya Jumapili inayofuata na watu wawili, nusu saa inatosha. Kwa binti anayeishi peke yake, mmoja wao awe mama.

Ziara hiyo ndiyo inayoharibiwa zaidi. Msiende na bahasha ya ahadi ya michango, msitaje jengo, msidai barua ya utambulisho kutoka usharika alikotoka. Mtu aliyehamishwa bado anatafuta kitanda na jiko, ukimfungulia orodha ya michango anajua mmefuata mshahara wake. Barua isubiri mwezi wa pili au wa tatu, atakapotaka mwenyewe kuandikishwa.

Lugha nayo. Ibada ikiisha tu, Kinyakyusa na Kisafwa vinaanza pale pale uwanjani, na mtu wa Musoma anabaki anachezea simu. Hakuna anayemchukia, ni mazoea. Iringa na Njombe ni yale yale kwa Kihehe na Kibena. Wekeni watu wawili wa zamu ambao kazi yao baada ya baraka ni kusimama na wageni, kwa Kiswahili. Wasiwe wazee wa kanisa, hao wanahesabu sadaka.

Chai inasaidia kuliko matangazo, hasa Juni na Julai baridi ikikaza. Sufuria ya lita 20 inatoa vikombe 80 vya robo lita, sukari kilo moja, majani ya Tukuyu robo kilo hayaishi, na viazi vya kuchemsha. Jumuiya zipokezane. Wakati huo huo mnada wa mazao yaliyotolewa sadaka unaendelea: mgeni asiyejua taratibu anaona ndizi inauzwa mara tatu ya bei ya sokoni na hajui kwa nini. Mtu amnong'oneze kwamba ni sadaka, na kwamba halazimiki kununua.

Kuhusu kuwasimamisha, mimi siungi mkono kumlazimisha mtu ajieleze mbele ya watu mia tatu. Wajitambulishe wanaopenda tu. Na Yakobo 2, inayokataza kumpendelea tajiri kwa kiti kizuri, isomwe na wanaopanga viti: mkuu wa idara anasogezwa mbele, dada wa kazi za ndani anapita bila hata kuandikwa daftarini. Huyo dada mara nyingi hana ruhusa ya kuja jumuiya alfajiri, kwa hiyo kiongozi azungumze na mama mwenye nyumba, au pawe na kipindi cha Jumapili mchana.

Wanafunzi ni watu wa miaka mitatu au minne, wapeni kazi mapema: Shule ya Jumapili, mitambo ya sauti, kusoma masomo ya Biblia ibadani. Na wakimaliza chuo msiwaache waondoke kimya. Waandikieni barua ya utambulisho, na mchungaji apige simu usharika wanakokwenda, aseme jina na siku ya kufika.