Posho, makundi na barabara ya Goma: majibu ya maswali yenu

Meseji ni nyingi jamani kutoka kambi zetu za wakimbizi hapa Kenya, leo nimechukua nne.

Kwani posho imeenda wapi? Zamani ilikua inafika mpaka mgao mwingine. (Mama, Kakuma 3)

Mama, pesa imekatwa huko inakotoka. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, hawana shamba wala hazina yao, kila mwaka wanaomba kwa serikali za nje na aliyekua anabeba mzigo mkubwa hapa Kenya ni Marekani. Januari 2025 wakasimamisha misaada, tarehe 1 Julai shirika lao la misaada, USAID, likafungwa kabisa. Katikati ya mwaka huo mgao wetu ukashuka mpaka asilimia 28 ya ule kamili, na ule kamili ni kalori 2,100 kwa mtu kwa siku, sasa piga hesabu mwenyewe, haifiki 600. Hiyo mtoto anaimaliza asubuhi.

Ndugu zangu wako Goma, Kongo, mbona misaada haiwafikii na dunia nzima inaona? (Kaka, Kalobeyei)

Uwanja wa ndege ulifungwa waasi wa M23 walipoingia mwisho wa Januari 2025, ikawa miezi na miezi ndege ya mzigo haitui. Ikabaki barabara na ziwa, na kila kizuizi kina mkubwa wake anataka karatasi yake. Dawa inaweza kuwa iko tayari na gari liko tayari, bado mnangoja ruhusa ya watu ambao wenyewe hawaelewani nani anatawala.

Niko kundi la 4, jirani kundi la 2, na wote tunauza vitu. Hii haki gani? (Baba, Kakuma 1)

Pole sana mzee wangu, hili linaniuma. Haya makundi ya kugawia chakula yalianza Agosti 2025, la 1 ndio hali mbaya kabisa, la 4 wanahesabiwa wanajiweza na chakula hawapewi. Juzi nilikaa kwenye duka moja hapa, mwenye duka ana madaftari mawili ya deni yamejaa, na kadi za wateja amezifunga na rababendi kwa droo, zinakaa kwake mpaka mgao uingie ndio ajilipe. Wateja wake wakikatwa, hilo deni linamwangukia yeye, na yeye ni kundi la 4 juu ana duka! Unga ulikua nusu gunia, mafuta anapima ya shilingi kumi kumi. Duka si utajiri, na mwenye kupanga makundi angekaa pale kwa benchi saa moja tu angeliona hilo. Kata rufaa mzee, enda na daftari lako la deni uwaonyeshe.

Kwa nini pesa isipewe vikundi vyetu moja kwa moja? (Dada, Dadaab)

Waliahidi dada. Kwenye mkutano wa Istanbul 2016 wafadhili na mashirika makubwa walikubaliana asilimia 25 ya pesa za misaada ifike kwa mashirika ya wenyeji kufikia 2020, haikufika. Wanataka odita, ripoti za kizungu, akaunti, na mkimbizi kufungua akaunti tu ni safari ndefu. Lakini kazi inafanyika hata hivyo. Akina mama wa bloku yetu walichangisha unga wakawa wanapikia uji watoto wa nyumba zilizokatwa, sufuria moja kila asubuhi, wiki tano, na kilichowasimamisha ni kuni.