Picha ya kuokota ndiyo itakayokusumbua

Wewe unayeanza kuandaa masomo ya kugawa bure, maandishi yako mwenyewe hayatakupa shida sana. Shida iko kwenye ile picha uliyoiokota usiku wa manane ili slaidi isibaki tupu.

Niliwahi kumaliza moduli nzima, ndipo mhariri akaniuliza kila mchoro umetoka wapi. Sikuwa na jibu. Nikakaa wiki mbili nikiifuta michoro hiyo na kuichora upya. Siku hizi napopakua kitu naandika papo hapo jina la kazi, mwenye kazi, anwani ya ukurasa na leseni yake.

Usidanganyike kwamba kazi isiyo na alama ya © haina mwenyewe. Kwa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi, bila kusajiliwa popote. Hata ruhusa ya kutumia kazi ya mtu darasani, ambayo sheria za nchi nyingi huitoa, mara nyingi haikufuati ukishaiweka mtandaoni.

Zaidi utakutana na leseni za Creative Commons, ruhusa za jumla ambazo mtunzi huibandikia kazi yake ili wengine waitumie kwa masharti, zilizotoka mara ya kwanza 2002. Ziko sita, zote zimeungwa kwa vipande vinne. BY inakudai umtaje mtunzi, basi. NC inakataza matumizi ya kibiashara (na biashara inaanzia wapi hasa, watu wanabishana hadi leo, ndiyo maana kazi zangu siziwekei). ND inakataza kusambaza kazi uliyoibadilisha, na tafsiri nayo ni badiliko: kitabu cha ND usikigeuze Kiswahili ukakisambaza kabla ya kuomba ruhusa. SA inataka kazi itakayozaliwa humo ibebe masharti yaleyale. Hapa ndipo wengi hunasa. Ukiunganisha andiko la BY-SA na la BY-NC-SA kuwa sura moja, hakuna leseni itakayoyaridhisha yote mawili. Ukiyapanga tu kwenye mkusanyo, kila moja na leseni yake, hakuna ugomvi.

Nyuso za wanafunzi kwenye picha ni suala jingine. Idhini yao au ya wazazi haimo ndani ya leseni.

Kabla hujabandika leseni yako, soma mkataba wa ajira. Somo uliloandika kwa mshahara huenda ni mali ya mwajiri, na huwezi kugawa kisicho chako. Omba ruhusa kwa maandishi mapema, kwa sababu leseni hizi hazirudishwi: aliyekwisha kupata nakala ataendelea kuitumia hata ukibadili nia.