Jenereta ya kukodisha ikiunguza vifaa vya mteja, bima ipi inalipa?

Swali: Nakodisha jenereta za kVA (kipimo cha uwezo wa jenereta) 100 hadi 250 kwenye saiti zilizo mbali na gridi. Nina bima ya dhima kwa umma. Mteja mpya anasema haitoshi. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli, ndugu. Bima ya dhima hulipa hasara uliyowasababishia wengine. Jenereta yako ikiibwa au ikishika moto, hapo inahitajika bima ya mitambo ya makandarasi. Nayo ina mianya miwili. Kwa kawaida haihesabu safari ya barabarani, kwa hiyo usafirishaji uandikwe wazi. Pia hailipi injini iliyokwama kwa kukosa oili wala koili iliyoungua yenyewe. Hiyo ni kazi ya bima ya kuharibika kwa mashine, nayo huuzwa peke yake.

Kata bima kwa bei ya kununua jenereta mpya. Mashine yenye thamani ya 100 ukiikatia bima ya 60, hasara ya 20 italipwa 12, tena kabla ya kutoa sehemu unayojilipia mwenyewe. Wengi huligundua hili siku ya kudai.

Sasa vifaa vya mteja. Kosa ninaloliogopa zaidi ni nati ya nyutro (waya wa kurudisha umeme) iliyolegea kwenye mfumo wa fezi tatu, yaani nyaya tatu za umeme: soketi ya volti 230 inaweza kupanda hadi karibu volti 400, na kompyuta, friji na chaja zikaungua papo hapo. Dhima inaweza kulipa vifaa hivyo, lakini mkadiria hasara, yaani mchunguzi wa madai ya bima, atauliza nani alikaza nati ile, na lini. Kabla ya kuwasha, jaza fomu: volti ya kila fezi kwa nyutro, ukinzani wa ethi (waya wa kuingia ardhini), mpangilio wa breka, saa za injini, sahihi ya mteja. Piga na picha ya terminali, pale nyaya zinapofungwa.

Umeme ukikatika tu bila kitu kuharibika, mafundi wakakaa bure, dhima kwa kawaida hailipi. Weka ukomo wa fidia ya hasara hiyo kwenye mkataba wa kukodisha.

Dizeli nayo: uvujaji wa polepole mara nyingi hautalipwa, ule wa ghafla hulipwa ukiomba uongezwe kwenye bima ya dhima. Weka beseni chini ya tangi, lenye ujazo wa asilimia 110 ya tangi.

Wafanyakazi wako wana bima yao ya fidia. Opereta akiwa wa mteja, mkataba useme ni nani anayemsimamia.