Utumbo kupanda kifuani miaka miwili baada ya ajali

SWALI: Salaam aleikum daktari. Kakangu ni wa bodaboda hapa Changamwe. Miaka miwili iliyopita aligongwa na lori akavunjika mbavu za kushoto, akapona. Tangu mwaka jana akishiba hukosa pumzi, tukaambiwa ni vidonda vya tumbo. Tangu juzi tumbo limemfura, anatapika, hapati choo wala upepo hautoki. Hospitali wanasema utumbo umepanda kifuani, wanataka kumpasua leo. Ajali ya zamani hivyo yahusika vipi? Hakuna dawa?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Dawa ya kuurudisha utumbo hakuna. Mkubalie daktari ampasue leo hii.

Kati ya kifua na tumbo pana msuli mpana uitwao kiwambo. Siku ya ajali huenda ulichanika kidogo, na picha ya siku ile isionyeshe kitu. Upande wa kulia ini huziba mwanya. Kushoto hapana kinga kama hiyo. Jeraha lenyewe halifungi kirahisi, kwani kiwambo hakipumziki, na kila pumzi huvuta vya tumboni juu. Hupanda kidogo kidogo, ndiyo maana akishiba alihema.

Tundu dogo ndilo ninaloliogopa zaidi. Mwaka 1579 daktari Mfaransa Ambroise Paré aliandika juu ya askari aliyepigwa risasi akafa miezi minane baadaye: utumbo mpana ulikuwa umepenya tundu la kiwambo lililotosha ncha tu ya kidole cha mwisho. Utumbo ukibanwa hivyo damu haifiki, huoza, na sumu husambaa mwilini.

Wakifungua watautoa utumbo pale ulipobanwa, waukague rangi. Ukiwa wa waridi, hurudishwa mahali pake, uliokufa hukatwa. Kisha tundu hushonwa kwa uzi usioyeyuka.

Jambo moja nakusihi: kila daktari atakayemgusa, mwambie habari ya lile lori. Tumbo lenyewe, yaani mfuko wa chakula, likijaa hewa likiwa kifuani, kwenye eksirei huonekana kama hewa iliyozunguka pafu, na mtu akiharakisha kuchoma mpira wa kifuani wa kutoa hewa hiyo aweza kulitoboa. Mpira unaomfaa sasa ni ule wa puani, wa kupunguza hewa na maji tumboni.

Na asile wala kunywa chochote, hata chai ya rangi, hadi atoke tiata na daktari amruhusu.