Kompyuta Iliponyamaza: Kwa Wanaotumia Kisoma Skrini Kwenye Windows ya Zamani

Wiki iliyopita niliandikiwa na msichana mmoja wa Faza asiyeona. Kaka yake amemnunulia kompyuta ya mitumba yenye Windows 7, naye akapakua toleo la sasa la NVDA, programu ya kusoma skrini kwa sauti, na programu hiyo ikakataa kufunguka. "Shikamoo mwalimu," aliandika kwa simu yake, "nahisi nimeiharibu kompyuta kabla hata sijaitumia. Nifanyeje?" Kujilaumu kwake kuliniuma, kwa kuwa mwishoni mwa mwaka 2017 nami nilijilaumu vivyo hivyo.

Wakati huo nilikuwa na kompyuta ya mezani yenye Windows XP, nyumbani kwetu Langoni, Lamu, nami nikijipatia riziki kwa kunakili mahojiano. Mtafiti aliniletea sauti za wazee zilizorekodiwa, nami nikaziandika neno kwa neno. Kazi hiyo niliiweza kuliko wengi wanaoona, na sioni haya kulisema, maana sikio langu huzipata tofauti za Kiamu na Kipate ambazo wengine huziruka. Niliposikia kwamba toleo jipya la NVDA limetoka, nilimwagiza mpwa wangu aliondoe la zamani na kusakinisha hilo jipya. La zamani likaondoka. Jipya, yaani 2017.4, likakataa, kwa sababu lilihitaji Windows 7 au mfumo wa baadaye. Kompyuta ikawa inawaka, feni yake inavuma, na sauti hakuna.

Nilidhani ni ubovu wa mashine, kwani hewa ya chumvi ya kisiwani hula vyuma. Tuliifunga kwa shuka, tukaivusha kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi lililopita Witu na Garsen mpaka Malindi, mimi nikiwa nimeipakata njia nzima kama mtoto mgonjwa. Fundi aliniambia kwamba diski imekufa, akaweka nyingine, akachukua shilingi 6,500, na hakuniuliza hata mara moja mtu asiyeona huitumiaje kompyuta. Niliporudi Lamu, mashine ilikuwa na Windows XP ileile na kimya kilekile. Zilipita wiki tatu. Mtafiti akaichukua kazi yake, kisha akamwambia rafiki yangu kwamba mambo ya kompyuta yangeachiwa wenye macho. Maneno hayo yangali kifuani mwangu.

Jibu nililipewa kwa simu na mwenzangu asiyeona wa Mombasa, kwa muda usiotimia dakika kumi: NVDA 2017.3 ndilo toleo la mwisho linalofanya kazi kwenye Windows XP na Vista, na waundaji wake wameliacha kwenye tovuti yao, bure, kwa ajili ya watu kama mimi. Programu hii ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, akaungana naye James Teh, na wote wawili hawaoni. Naamini ndiyo maana hawakutusahau. JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini, ni nzuri pia, lakini usipoilipia husema kwa dakika 40 tu kila unapowasha kompyuta, na mahojiano ya mzee mmoja hayaishi kwa dakika 40.

Kwa hiyo, mwanangu wa Faza, kompyuta yako haina ubovu. Toleo la mwisho la NVDA kwa Windows 7 ni 2023.3.4. Lichukue hilo, wala usihangaike na la sasa. Kivinjari nacho kina mpaka wake: Chrome iliishia 109 kwenye mfumo huo, na Firefox ikaishia 115. Tovuti mpya zikifunguliwa humo, vitufe huweza kukosekana au fomu ikagoma, nawe ukadhani kisoma skrini kimekufa. Bonyeza Insert pamoja na T. Kikikusomea jina la dirisha, kiko hai, na tatizo liko kwenye ukurasa au kivinjari. Kisipojibu, nacho kimesakinishwa kwenye kompyuta yenyewe, bonyeza Control, Alt na N ili kukiwasha upya. Laiti fundi yule angeyajua haya mawili, ningeokoa nauli na pesa za diski.

Usiondoe toleo la zamani kabla hujalisikia jipya likisema. Hifadhi nakala ya NVDA kwenye flashi, ile inayofunguka bila kusakinishwa, na usimwazime mtu flashi hiyo. Narudia: usiondoe la zamani kwanza. Microsoft iliacha kuilinda Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, basi usiingize humo nywila ya benki, na ukiweza kupata mashine yenye mfumo mpya, hama. Mimi nilihamia Windows 10, nayo ulinzi wake wa kawaida umekoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo nimeshaanza kudunduliza tena.

Nanyi mlio na macho, mnaowanunulia ndugu zenu kompyuta kwa nia njema, waulizeni kwanza wanatumia programu gani ya kusoma na inataka mfumo upi. Mafundi, mkiletewa kompyuta na mtu asiyeona, mpeni kibodi mkononi awaonyeshe anavyofanya kazi kabla hamjashika bisibisi. Hatuombi huruma, tunataka kuulizwa.

Msichana huyo nimemtumia flashi kwa nahodha wa boti la Faza. Ndani yake mna NVDA 2023.3.4 iliyo tayari kufunguka. Sauti nimeiweka ya Kiswahili, ile ya eSpeak iliyomo ndani ya NVDA yenyewe, na kasi yake nimeipunguza, kwa kuwa siku ya kwanza sauti hiyo ya mashine huchosha masikio.