Asilimia 45 inapokuwa nyingi: namna ya kusoma utabiri wa msimu wa mvua

SWALI: Mimi ni mtendaji wa kata katika bonde la mto Pangani. Kabla ya vuli tuliletewa utabiri wa msimu. Jedwali lilionyesha kwamba eneo letu lina uwezekano wa asilimia 45 wa kupata mvua za juu ya wastani, asilimia 35 za wastani, na asilimia 20 za chini ya wastani, na maelezo yake yakasema "mvua za wastani hadi juu ya wastani". Kwenye kikao cha kamati ya maendeleo ya kata, mjumbe mmoja alisema kuwa 45 haifiki hata nusu, hivyo mvua kubwa haitakuwapo. Mwingine akakumbusha kuwa mwaka 2015 tulitangaziwa El Niño na hatukuona kitu. Fedha za kuzibua mitaro na makalavati zikaahirishwa. Je, asilimia hizi zina maana gani hasa, na mtu asiye mtaalamu azitumieje kuamua?

JIBU: Ndugu Mtendaji, mjumbe wako wa kwanza amekosea, lakini kosa lake ni la wengi, na nimelisikia hata kwa watu wenye shahada. Amedhani kwamba kuna mambo mawili tu, ama mvua kubwa ije au isije, na kwa hiyo mpaka wa kuamulia ni asilimia 50. Jedwali ulilopewa lina mafungu matatu, na hapo ndipo hesabu nzima inapobadilika.

Mafungu hayo hupatikana hivi. Huchukuliwa jumla ya mvua ya msimu mmoja, tuseme vuli ya Oktoba hadi Desemba, kwa kila mwaka wa kipindi cha miaka 30. Kipindi kinachotumika sana sasa ni 1991 hadi 2020. Jumla hizo 30 hupangwa kutoka ndogo kuliko zote hadi kubwa kuliko zote, kisha hugawanywa katika theluthi. Vuli kumi kavu zaidi ndizo zinazoitwa "chini ya wastani", kumi za katikati ndizo "wastani", na kumi zenye mvua nyingi zaidi ndizo "juu ya wastani". Kwa hiyo mtu asiyejua lolote kuhusu msimu unaokuja, asiyetazama bahari wala upepo, angelazimika kusema kwamba kila fungu lina uwezekano wa asilimia 33 na ushee. Hiyo 33 ndiyo namba ya kulinganishia, wala si 50. Kutoka 33 kwenda 45 maana yake ni kwamba uwezekano wa mvua nyingi umeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja ya ulivyokuwa, na kutoka 33 kushuka hadi 20 maana yake ni kwamba hatari ya ukame imepungua sana. Kwa utabiri wa msimu, huo ni mwelekeo wa kutajika.

Ukitaka kuwaonyesha wajumbe wako bila ubao, chukua punje 20 za mahindi. Paka tisa rangi ya bluu, saba ziache zilivyo, nne zipake rangi nyekundu, kisha zitie kwenye kopo na umwombe mjumbe achomoe moja akiwa amefumba macho. Hilo kopo ndilo utabiri wenu: 45, 35 na 20. Akichomoa nyekundu, kopo halijasema uongo, kwa sababu nyekundu nne zilikuwamo tangu mwanzo na aliambiwa zimo. Ambacho kingethibitisha kwamba kopo ni bovu ni kurudia zoezi hilo mara nyingi, punje ikirudishwa kila mara, na kukuta nyekundu zinatoka nusu ya mara zote. Utabiri wa uwezekano hukaguliwa kwa namna hiyohiyo: hukusanywa misimu mingi ambayo ilipewa asilimia 45, kisha huhesabiwa ni mingapi kweli iliangukia fungu hilo. Msimu mmoja peke yake hauwezi kuuhukumu utabiri wa aina hii, wala kuusifu.

Nikiri hapa kwamba sisi watabiri tumechangia mkanganyiko. Maneno "wastani hadi juu ya wastani" hufunika namba zilizo chini yake, kwa sababu 45-35-20 na 36-34-30 zote zinaweza kuandikwa kwa maneno hayohayo, ingawa ya kwanza inakupa jambo la kufanyia kazi na ya pili karibu haikwambii kitu. Isitoshe, kuna tabia ya muda mrefu ya watabiri wa kanda yetu kuliongezea fungu la katikati uzito kuliko linavyostahili, kwa kuogopa kuonekana wamekosea. Kwa hiyo usiridhike na sentensi ya muhtasari. Omba namba kila mara.

Sasa nije kwa mjumbe wa pili na El Niño yake. Katika lugha yetu ya kila siku jina hilo limekuwa jina la mafuriko, kwa sababu ya mvua za mwaka 1997 na 1998 zilizobomoa barabara na madaraja Kenya na Tanzania, na mtu mzima aliyeziona hawezi kuzisahau. Lakini El Niño yenyewe si mvua. Ni kuongezeka kwa joto la maji ya juu ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, mbali kabisa na kwetu, na jina lilitoka kwa wavuvi wa pwani ya Peru waliokuwa wakiliona joto hilo wakati wa Krismasi, wakaliita kwa Kihispania "Mtoto", yaani Mtoto Yesu. Watabiri huihesabu pale joto la eneo maalumu la katikati ya Pasifiki linapozidi wastani kwa angalau nusu digrii ya Selsiasi kwa miezi kadhaa mfululizo. Ikitokea, huongeza uwezekano wa vuli yenye mvua nyingi katika Kenya na kaskazini mwa Tanzania, huku kusini mwa Afrika ikileta ukame mara nyingi. Tanzania imekaa kati ya pande hizo mbili, ndiyo maana mkulima wa Songea asinakili tahadhari iliyoandikwa kwa ajili ya Korogwe.

Bahari iliyo karibu nasi ina usemi mkubwa zaidi. Maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi, upande wetu, yanapopata joto kuliko kawaida, na maji ya mashariki karibu na Sumatra yanapopoa, upepo wa juu ya ikweta hubadilika na unyevunyevu mwingi husukumwa kuelekea pwani ya Afrika. Wataalamu huita hali hiyo daipoli chanya. Mwaka 1997 daipoli chanya yenye nguvu ilikutana na El Niño yenye nguvu, na matokeo tunayajua. Mwaka 2006 El Niño ilikuwa dhaifu lakini daipoli ilikuwapo, mafuriko yakaja, na baada yake ukazuka ugonjwa wa homa ya Bonde la Ufa kwa mifugo na watu katika Kenya, Somalia na Tanzania. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya kutajwa, lakini daipoli ilikuwa kali kuliko zote zilizopimwa kwa miongo kadhaa, na vuli ikafurika. Wazee wa Kenya wanaozikumbuka mvua za Uhuru za mwaka 1961, ambazo baada yake kina cha Ziwa Viktoria kilipanda kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache, walishuhudia jambo hilohilo: daipoli bila El Niño.

Mwaka 2015 mambo yalikuwa kinyume chake. Joto la Pasifiki lilishindana na lile la 1997, lakini daipoli ya Bahari ya Hindi haikufikia nguvu ya mwaka ule. Mvua zilikuwapo, na katika maeneo kadhaa zilizidi wastani, ila maafa ambayo watu walikuwa wameyatarajia hayakuja kwa ukubwa huo. Kilichokosewa kwa kiasi kikubwa ni tafsiri, maana watu waliambiwa uwezekano umeongezeka, na njiani, kati ya ofisi ya utabiri, redio na mkutano wa hadhara, uwezekano ukageuka kuwa ahadi. Ahadi isipotimia, mtoa ahadi huitwa mwongo, na msimu unaofuata hasikilizwi. Nyinyi mmelipa gharama ya mwaka 2015 kwa kuahirisha mitaro.

Niliweke wazi jambo jingine kabla ya kufika kwenye uamuzi. "Juu ya wastani" si jina jingine la mafuriko. Tuseme katika kituo chenu mpaka wa theluthi ya juu ni milimita 340 kwa vuli nzima. Msimu wenye milimita 345 zilizonyesha taratibu kwa siku 40 ni wa juu ya wastani, na hautaingiza maji katika nyumba hata moja. Msimu wenye milimita 300 ni wa wastani, lakini milimita 110 kati ya hizo zikishuka usiku mmoja, kalavati litaondoka na barabara. Vivyo hivyo kwa shamba: jumla inaweza kuwa nzuri na mahindi yakakauka, endapo wiki tatu za jua zitaangukia wakati yanapotoa mbelewele. Utabiri wa msimu hauoni usiku mmoja wala wiki tatu hizo. Kazi hiyo ni ya utabiri wa siku kumi na wa siku tano, na ya taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zinazopangwa kwa ngazi za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Msimu ukusaidie kuchagua mbegu na kutenga fedha. Siku kumi zikusaidie kuamua siku ya kupanda. Tahadhari ya siku mbili tatu ndiyo ya kuhamishia watu.

Basi, mitaro. Nitatumia namba za mfano, nawe utaweka zako. Kuzibua mitaro na makalavati kunagharimu shilingi milioni 2.5. Mafuriko yakikuta mitaro imeziba, hasara ya barabara na maghala ni shilingi milioni 20. Gawanya gharama kwa hasara: 2.5 kwa 20 ni asilimia 12.5. Namba hiyo ndiyo mpaka wa kata yenu. Uwezekano wa mafuriko ukiuzidi, kuzibua kuna faida. Ukiwa chini yake, ni afadhali kusubiri. Unaona kwamba swali la "inafika nusu au haifiki" halimo humu kabisa. Mwenye hasara kubwa na kinga nafuu anapaswa kuchukua hatua hata uwezekano ukiwa mdogo.

Uwezekano wa mafuriko wenyewe tunaupata hivi. Tuseme kumbukumbu zenu zinaonyesha kwamba mafuriko hutokea katika misimu ya juu ya wastani pekee, na kwamba katika kila misimu kumi ya namna hiyo, mitatu hufurika. Mwaka usio na dalili yoyote, uwezekano ni 3 kati ya 10 ya asilimia 33, yaani asilimia 10. Hiyo ni chini ya mpaka, na kamati ikisubiri haina lawama. Kwa utabiri mliopewa, ni 3 kati ya 10 ya 45, yaani asilimia 13.5. Mpaka umevukwa. Zile nyongeza kumi na mbili ambazo mjumbe wako alizidharau ndizo zilizougeuza uamuzi. Na kama fungu la juu lingepewa asilimia 20 tu, uwezekano ungeshuka hadi 6, na fedha zingefaa zibaki benki. Hesabu hii imechukulia kwamba kuzibua huondoa hasara yote, na kwamba msimu wa juu ya wastani ni uleule kwa ukali mwaka wowote. Yote mawili ni makadirio, hivyo namba zikikaribiana sana usizing'ang'anie. Maisha ya watu nayo usiyatie kwenye mgawanyo huu. Katika mteremko unaoporomoka, kama ulioteremsha matope hadi Katesh chini ya Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuua zaidi ya watu 80, mpaka wa kuchukua hatua uwe chini kabisa.

Ushauri wangu wa kiutawala ni huu: mpaka huo uandikwe kwenye muhtasari wa kikao kabla utabiri haujatoka. Mkiamua mwezi Agosti kwamba mtazibua mitaro kila fungu la juu linapofika asilimia 42 (3 kati ya 10 ya 42 ni 12.6, juu kidogo ya mpaka wenu wa 12.5), basi mvua ikikataa na mkaguzi akauliza kwa nini fedha zilitumika, mtakuwa na jibu la maandishi, kama mwenye bima ambaye gari lake halikupata ajali. Pia kumbukeni kwamba utabiri wa vuli huwa wa kuaminika kuliko wa masika, kwa kuwa bahari huishika vuli kwa nguvu zaidi. Kwa masika tegemeeni zaidi taarifa za siku kumi.

Hiyo "mitatu katika kumi" ndiyo namba ambayo siwezi kukupa, kwa sababu ni ya kata yenu. Anzeni kuitafuta kwa kipimamvua kimoja kwenye uwanja wa shule, mbali na miti na mapaa. Kama hakuna cha kununua, kopo la bati lenye pande zilizonyooka na rula vinatosha kuanzia: milimita moja ya maji ndani yake ni sawa na lita moja iliyoanguka kwenye kila mita ya mraba ya ardhi. Msomaji awe mmoja, saa tatu asubuhi kila siku, aandike hata sifuri, na kando ya namba aweke siku ambayo maji yalipita juu ya kalavati.