Usifunge NuVinci moja kwa moja kwenye mota, omera

Usitume hiyo pesa. Umesema umepata habu ya NuVinci N360 ya mtumba (kitovu cha gurudumu la nyuma la baiskeli kinachobadilisha mwendo kama gia), unataka cheni itoke moja kwa moja kwenye mota ya brashi ya volti 24, wati 250, kisha habu ndiyo ipunguze mizunguko ukipanda kilima cha Riat, Kisumu, na mitungi ya maji nyuma. Haitapunguza. Nimepanda Riat na mtambo kama huo. Yaani, nimeusukuma.

Najua muuzaji amekuimbia "asilimia 360". Wangu aliimba hivyo hivyo, mpaka nikadhani kuna gia 360 mle ndani. Hakuna hata moja, ni mipira ya chuma inayobanwa kati ya bangili mbili kwenye mafuta maalum. Ukiiweka chini kabisa, gurudumu linazunguka nusu ya mizunguko ya sproketi, yaani ile gia ya meno inayoshika cheni; juu kabisa, mara 1.8. Gawa 1.8 kwa 0.5 upate 3.6, hiyo ndiyo 360 yake. Kwa hiyo kupunguza utakakopata ni mara mbili, basi.

Mota hiyo inazunguka kama mara 2,700 kwa dakika. Gurudumu la baiskeli ya black mamba, inchi 28, linasogea mita 2.2 hivi kila mzunguko, kwa hiyo kilomita 25 kwa saa ni mizunguko kama 190. Unahitaji kupunguza mara 14. Mimi nilikuwa na meno 11 kwenye mota na 22 kwenye habu, halafu nusu ya habu yenyewe: jumla mara 4. Kwa hesabu hiyo, gia yangu ya mlima ilikuwa ya kilomita 89 kwa saa. Trafiki hawakuwahi kunisimamisha, sijui kwa nini.

Nguvu iliyofika barabarani sasa: mota ikifanya kazi yake ya kawaida, msukumo ulikuwa sawa na kuinua pakiti ya sukari ya kilo moja. Mimi, baiskeli na mzigo tulipita kilo 100, na mwinuko wa asilimia 5 tu unadai kilo 5 za msukumo. Mota ikashindwa kuzunguka. Na mota ya brashi iliyokwama ndipo inapovuta ampea nyingi kuliko wakati wowote, kazi inayotoa ni sifuri, umeme wote unageuka joto. Mimi nazidi kukamua eksileta. Kontrola, kile kisanduku kinachopimia mota umeme, ikaanza kutoa moshi, watu wa boda wakapunguza mwendo kuuliza kama nauza mahindi choma.

Hapo bado sijafika kwenye hasara kubwa. Nilimrudia yule muuzaji wangu, akaniangalia kwa huruma kama daktari, akasema mota ni dhaifu, chukua ya wati 500. Anayo, bahati iliyoje! Nikachukua. Pakiti mbili za sukari. Moshi ule ule, kontrola ya bei zaidi. Mtu anauza mota hajui kugawanya, na hadi leo ananitumia matangazo kila Ijumaa.

Punguza kwanza kwa uwiano usiobadilika, ndipo habu ifuate. Tafuta mota yenye giaboksi yake ya karibu mara 10, itoke na mizunguko 270 hivi. Weka meno 9 kwa 18, habu ipokee 135. Hapo N360 inakupa kuanzia kilomita 9 hadi kama 32 kwa saa, na chini kabisa msukumo unakaribia kilo 10. Mlimani huo ni mwendo wa mtu anayekimbia polepole, lakini unafika juu umekaa. Kama mota umeshanunua bila giaboksi, fundi wa jua kali pale Kibuye anaweza kukuchomea shafti ya kati yenye sproketi kubwa na ndogo; ukubali tu kelele.

Habu yenyewe sina ugomvi nayo, ni nzuri, inabadilisha hata ukiwa umesimama. Usiifungue tu.

Betri uliuliza pia, naona. Hiyo baadaye. Kwanza piga picha kibati cha mota, pale palipoandikwa volti na mizunguko, uiweke hapa kabla hujamjibu huyo muuzaji.